Gari la Taifa Halina Kasoro

Nchi ninayoisimulia msiitafute kwenye ramani. Ramani yake ilichukuliwa na Wizara ya Sifa ili ikuzwe kidogo, na mpaka leo haijarudishwa. Niseme tu kwamba ni nchi ya amani, yenye mvua za kutosha na viongozi wanaozidi mvua, na kwamba mimi ni raia wake mtiifu. Nasimulia kwa nia njema kabisa. Atakayeona mambo haya yanafanana na ya kwao, hilo ni lake na Mola wake.

Yote yalianza Mtukufu Kiongozi aliposafiri kwenda Korea kutafuta marafiki. Wenyeji wake walimpandisha kwenye gari liitwalo Hansori, na siku hiyo kulikuwa na baridi ya kukata masikio. Sasa kiti cha Hansori kina waya ndani, ukikikalia kinakupasha joto. Mtukufu amekalia viti vingi katika maisha yake, na kimoja amekikalia muda mrefu kuliko vyote, lakini hakuwahi kukalia kiti kilichomjali namna ile. Aliporudi, pale pale uwanja wa ndege, jua la adhuhuri likituchoma utosi, alishika kipaza sauti akatutangazia:

"Wananchi! Nimeketi, na katika kuketi nimeona. Kuanzia leo Hansori ndilo gari la taifa. Gari hili halina kasoro!"

Tulishangilia mpaka wengine wakazimia, ingawa walizimia zaidi kwa jua. Meli zikaanza kushusha magari. Mtumishi wa serikali alipewa Hansori, mfanyabiashara aliyetaka leseni akashauriwa kununua Hansori, na hata hospitali kuu ilipoomba dawa ilipata Hansori mbili. Viti vilitupasha joto katika nchi ambayo joto hatujawahi kulikosa. Tulijifunza kukalia khanga zilizolowekwa maji, tukamshukuru Mungu.

Bunge nalo lilikutana likaona kauli ya Mtukufu haiwezi kuachwa ikazurura kama kauli tu. Likaipitisha kuwa sheria. Chini ya sheria hiyo, Hansori ikionekana ina kasoro, mwenye kasoro ni mmiliki. Gari likizimika njiani hatusemi limeharibika, tunasema linatafakari. Kufungua boneti hadharani likawa kosa la kulivua nguo gari la taifa mbele ya watu. Mafundi wetu wa gereji waliambiwa watafute kazi nyingine, na wengi wao sasa wanauza matikiti maji, ila mteja akipita na gari lake wanalisikiliza kwa mbali huku wakitikisa vichwa.

Sitaki mnielewe vibaya. Hansori ni gari zuri. La kwangu lilikuja na meli ya kwanza na halijawahi kunitia aibu, na jirani yangu Mzee Ndaro, mstaafu wa reli, amebebea la kwake saruji, mbuzi na wakwe zake wote bila kusikia hata mlio wa panya. Lakini la Bi Kidawa vioo hupanda na kushuka vyenyewe, na la imamu wetu hupiga honi kila likikata kona ya kushoto, kiasi kwamba mtaa mzima ulijua anakokwenda na akasitisha baadhi ya safari. Katika nchi nyingine watu wa namna hii wangekaa kwenye benchi la kahawa wakabishana: langu zima, lako bovu, wewe humwagi oili, wewe ulipigwa changa la macho. Na katika mabishano hayo gari lingepata sifa yake ya haki, nzuri au mbaya. Kwetu sifa ni mali ya serikali, kwa hiyo benchi la kahawa liliondolewa.

* * *

Mtaani kwetu Kileleni waliishi Mbaruku na mkewe Sikudhani, wapishi wa shughuli. Hapakuwa na harusi wala hitima iliyokamilika bila pilau ya Sikudhani, na hapakuwa na pilau ya Sikudhani iliyofika bila Mbaruku kuibeba. Walijinyima wakanunua Hansori kubwa, ile yenye nafasi ya masufuria nyuma. Ilikuja na meli ya tatu.

Kutoka Kileleni kwenda mjini kuna njia moja tu, Mteremko wa Fahari, ambao unashuka wima mpaka kwenye lango la uwanja wa taifa. Ijumaa moja Mbaruku alikuwa anashusha biriani ya harusi. Katikati ya mteremko akakanyaga breki, pedeli ikazama mpaka chini kama mguu kwenye tope, na gari likaongeza mwendo. Akakanyaga tena. Akavuta hendibreki, ikalia tu. Alichokumbuka ni kukata usukani na kuingia kwenye lundo la mchanga mbele ya nyumba ya diwani, aliyekuwa anajenga ghorofa kwa mshahara wake. Gari likasimama. Biriani yote ikahamia mbele, na Mbaruku akatoka akiwa na wali masikioni, anatetemeka, anacheka, analia.

Sikudhani hakucheka. Mwanamke huyu alikuwa amezika wazazi na ndugu, na aliyebaki naye duniani alikuwa Mbaruku. Siku ya pili yake alijifunga kitambaa kichwani akaenda Wizara ya Sifa, kwenye lile dirisha ambalo zamani liliitwa la Malalamiko na sasa linaitwa Dirisha la Shukrani. Nilimsindikiza kama jirani, kwa hiyo haya sikuhadithiwa.

Nyuma ya dirisha alikaa kijana mwenye tai, Bwana Chitanda.

"Karibu mama. Unashukuru nini leo?"

"Sikuja kushukuru, mwanangu. Breki za gari letu hazishiki."

Bwana Chitanda aliangalia kushoto, akaangalia kulia, akashusha sauti. "Mama, maneno hayo yaache huko nje. Hapa tunapokea shukrani tu. Lakini shukrani ni kitu kipana. Jitahidi."

"Nishukuru nini, na mume wangu nusura afe?"

"Amekufa?"

"Hajafa."

"Basi anzia hapo."

Hapa lazima niwaeleze desturi yetu, maana mgeni hawezi kuielewa. Kwetu jambo baya halisemwi. Mtu wa chini hulifunga ndani ya sifa, kama mtu anayefunga kisu kwenye kitambaa cha sherehe, akitumaini kwamba mkubwa atakayelipokea atafungua na kuona. Mkubwa naye hukipenda kitambaa. Hukitundika ukutani kama kilivyo, na kisu ndani yake. Tumeishi hivyo miaka mingi na majengo yetu ya serikali yamependeza sana.

Sikudhani alifikiri kidogo, kisha akasema, na Chitanda akaandika:

"Naishukuru Serikali kwa kutupa gari lenye moyo wa safari. Likishika mteremko halisitisiti. Mume wangu hulibembeleza lisimame, nalo humkumbusha kwamba nchi yetu haisimami, inasonga mbele. Kila akishuka mjini namuaga kama anayekwenda Hija, na kila akirudi nasujudu. Gari gani jingine lingenifundisha kumpenda mume wangu kiasi hiki?"

Chitanda aliweka kalamu chini. Macho yake yalikuwa yamelowa. "Mama," alinong'ona, "nimekuelewa. Nitaipeleka juu leo hii. Watakaoisoma ni watu wazima wenye akili zao, wataelewa."

Tulirudi nyumbani na matumaini. Hata mimi, mtu mzima na mvi zangu.

* * *

Wiki ile ile akatua mgeni. Kampuni ya Hansori yenyewe ilimtuma mhandisi wake, Injinia Yun, mtu mwembamba mwenye miwani, akiwa na makasha mengi ya mbao. Ilijulikana baadaye kwamba wenyewe huko Korea waligundua magari ya meli ya tatu yalifungwa mpira mbaya wa breki. Wakaona haya. Wakaomba magari yale yarudishwe wayatengeneze bure, waliandika wakaandika, na kwa kuwa hawakujibiwa wakamtuma mtu.

Mapokezi yalikuwa ya kutisha kwa uzuri. Waziri wa Sifa, Mheshimiwa Daktari Mapambo, alifika na bendi mbili. Injinia Yun alipanda jukwaani akainama mpaka kichwa kikakaribia magoti, kama wafanyavyo kwao mtu anapoomba radhi. Waziri, ambaye hapendi kuzidiwa, akainama zaidi. Mgeni akainama tena kwa uchungu. Waziri akashuka mpaka tai ikagusa zulia, na walinzi wake wakamsaidia kunyooka.

Mgeni akatoa kwenye mfuko wake kipande kidogo cheusi, hakizidi kikombe cha kahawa, akakiinua na kusema maneno mengi kwa Kikorea. Mkalimani wetu alikuwa kijana aliyekwenda Korea kusomea kilimo cha kabichi.

"Anasema," mkalimani akatangaza, "amefurahi kutukuta na afya njema, na hicho alichoshika ni kito cha ukoo wao."

Tukapiga makofi. Injinia Yun akatuangalia, akamwangalia mkalimani, na nadhani akagundua kwamba mtu anayeambiwa breki zake zitamuua huwa hapigi makofi. Akasogea kwenye kipaza sauti na kusema kwa Kiswahili alichojifunza kwenye ndege:

"Samahani. Breki mbaya. Mimi tengeneza. Bure."

Papo hapo Redio ya Taifa ikapiga wimbo wa taifa, na sote tukasimama wima. Wimbo ulipigwa mpaka mgeni akashushwa jukwaani.

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hawakuwahi kuona mgema anayetembea nchi za watu akisema jamani tembo langu safari hii lina maji, na wanywaji wanamwambia nyamaza, usitutukanie tembo letu. Hiyo ndiyo nchi yangu. Makasha yalipelekwa Makumbusho ya Taifa, yakawekwa ndani ya kioo pamoja na kibao: ZAWADI KUTOKA KOREA.

Alfajiri ya siku ya pili yake, walinzi waliowekwa kumchunga mgeni wakiwa wamelala usingizi, alitoroka hotelini. Alizunguka mitaani akisimamisha kila Hansori aliyoiona na kujilaza chini yake. Watu wakasema Wakorea huabudu hivyo, wakampisha kwa heshima. Alipofika Kileleni alijilaza chini ya gari langu, akatoka ananionyesha dole gumba, akapiga boneti kofi la upendo. Nilifurahi, sitaficha. Kisha akajilaza chini ya gari la Mbaruku.

Huko alikaa. Alipotoka alikuwa amebadilika uso. Alifungua mlango, akachomoa ufunguo, akauweka kiganjani mwa Mbaruku na kukikunja kiganja hicho kwa mikono yake yote miwili.

"Hapana," alisema. "Hapana, hapana."

Wakaja watu wa usalama wakamvisha nishani na kumpandisha ndege. Mbaruku aliegesha gari uani, akakodi mkokoteni wa kushushia masufuria, na Sikudhani akalala usingizi kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Ingeishia hapo ningefurahi, na ninyi msingekuwa na hadithi.

* * *

Ujumbe wa Wizara ulifika wakati Sikudhani anachambua mchele. Walikuja na maua, wapiga picha, na ofisa mmoja mnene aliyekuwa anatabasamu kabla hajaona mtu wa kumtabasamia.

"Mama Sikudhani, hongera! Maneno yako yamesomwa mpaka juu kabisa. Mtukufu mwenyewe ameyasikia akasema, 'Huyu amelijua gari.' Yamechaguliwa kuwa Shukrani ya Taifa!"

"Wameyaelewa?" Sikudhani akauliza.

"Wamelia, mama! Sasa sikiliza zawadi yako. Siku ya Gari la Taifa, Hansori yenu ndiyo itakayoongoza maandamano. Itashuka Mteremko wa Fahari, wewe utasoma shukrani yako pale juu, mumeo ataendesha, na pembeni yake atakaa Mheshimiwa Waziri."

Ungo ulimponyoka Sikudhani, mchele ukamwagika. Akasema taratibu, "Baba, gari lile haliwezi kushuka mteremko."

Ofisa aliendelea kutabasamu, ila macho yaliacha. "Mama, umeandika wewe kwamba likishika mteremko halisitisiti. Sasa ama uliidanganya Serikali wakati ule, ama unalikashifu gari la taifa wakati huu. Yote mawili yana vifungo vyake. Chagua unachokipenda, au chukua maua."

Akachukua maua. Mimi nilitoka pale kwenye ua wa makuti nikamsaidia kuzoa mchele.

Walihangaika, msidhani walikaa tu. Sikudhani alikwenda Makumbusho kuomba mpira mmoja, mmoja tu, akapiga magoti kabisa. Msimamizi alikuwa mtu mpole, akamnunulia soda. "Zawadi haitumiki, mama," alimweleza. "Ikitumika itakuwa kipuri, na Hansori haihitaji vipuri." Walimwita fundi wao wa zamani, Kingu, ambaye alitua mzigo wa matikiti akalikagua gari kwa siri, akaongeza mafuta ya breki, akafunga waya hapa na pale.

"Limesimama hivi kwa hendibreki na dua," aliwaambia. "Kwenye tambarare unaweza kwenda nalo polepole. Kwenye mteremko, Mbaruku, mimi ni fundi, sitakudanganya. Mficha maradhi kilio humfichua."

"Nikimbie?" Mbaruku akauliza.

"Na mimi unaniacha hapa na nani?" akasema Sikudhani.

Hakukimbia.

* * *

Siku ya Gari la Taifa ilipambazuka na bendera. Kutoka Kileleni mpaka lango la uwanja watu walijipanga pande zote mbili, na wengine, kwa kubanana, walijaa barabarani kabisa: wanafunzi na vibendera, bendi ya polisi, akina mama wa vikundi, na huko chini mwisho wa mteremko jukwaa la mabalozi likiwa na viti vya mito. Hansori ya Mbaruku ilioshwa ikang'aa mpaka unaweza kunyolea ndevu. Yeye alikaa kwenye usukani amevaa kofia waliyompa, jasho linamtiririka. Injini ilinguruma, hendibreki imevutwa mpaka mwisho. Waziri alikaa pembeni yake akipunga mkono dirishani.

Kwanza Waziri alihutubia, kioo kimeshushwa, kipaza sauti mkononi. "Kuna mataifa yana magari, na kuna magari yana mataifa. Sisi tumefika hatua ya pili! Maadui wanauliza, je, lina breki? Nami nawauliza, maendeleo yana breki?" Aliendelea hivyo kwa urefu unaoheshimika. Kisha akasema, "Sasa tumsikilize mama yetu."

Sikudhani alipewa kipaza sauti. Karatasi alikuwa nayo, nikaiona anaikunja.

"Gari hili halina breki," alisema. Sauti yake ilisikika mpaka chini uwanjani. "Sifungi tena maneno. Halina breki. Likiachiwa hapa litaua watu. Litamuua mume wangu, naye ndiye niliye naye. Nawaombeni, jamani. Msiliruhusu lishuke."

Vigelegele vilipasuka pande zote. Watu walipiga makofi, wengine wakafuta machozi. Nyuma yangu mtu mmoja akasema, "Lo, mwaka huu mtindo mpya. Mama anajua kusifu huyu!" Tangu benchi la kahawa liondolewe, watu walikuwa hawajasikia kitu kingine isipokuwa shukrani, na masikio yao hayakujua pa kuliweka neno jingine. Sikudhani alisimama katikati ya shangwe ile akituangalia mmoja mmoja. Nilitamani ardhi inimeze.

Lakini kulikuwa na mtu mmoja aliyesikia vizuri sana. Mheshimiwa Waziri aliacha kupunga mkono. Akafungua mkanda. Akafungua mlango, akashuka, akalishika koti lake, akasema:

"Nimeguswa na maneno ya mama huyu. Nimeguswa mno. Kwa unyenyekevu, mimi nitatembea kwa miguu. Dereva aendelee."

Hapo ndipo nilipoyaona yale ambayo mpaka leo yananinyima raha. Mkuu wa pikipiki za msafara, zilizokuwa mbele ya gari, alimwangalia Waziri, akasogeza pikipiki yake pembeni. Wenzake wakasogea. Bendi ikahamia kwenye majani bila kuacha kupiga. Walimu wakawavuta wanafunzi kwa kola, kimya kimya. Akina mama wa vikundi wakakunja khanga zao wakapanda ukingoni. Habari ilishuka ule mteremko bila mtu kuitamka, mpaka huko chini tukawaona mabalozi wanasimama, kila mmoja ameshika kiti chake na mto wake, wanahama. Makofi hayakukatika hata kidogo. Na barabara yote, kutoka Kileleni mpaka langoni, ikawa nyeupe, haina hata kuku.

"Endesha!" ofisa mnene akamwambia Mbaruku kupitia dirishani.

Mlango wa upande wa pili ukafunguka. Sikudhani akaingia, akakaa kwenye kiti cha Waziri, akajifunga mkanda.

"Shuka," Mbaruku akamwambia.

"Sishuki."

"Sikudhani, nakuomba. Shuka."

"Nirudi nyumbani nikapike na nani?"

Mbaruku aliweka mkono kwenye hendibreki. Aliitazama barabara. Nilikuwa karibu, nikamwona anaitazama kama mtu aliyekuta nyumba yake iko wazi na hajui imefunguliwa na nani. Kisha akazima injini, akavua kofia yao, akatoka nje.

"Mbona mmesogea?" aliuliza.

Hakupewa kipaza sauti, lakini makofi yalikuwa yameanza kupungua, na sauti yake ilifika mbali.

"Nauliza tu. Gari halina kasoro. Mbona mmesogea?"

Bendi ilinyamaza, tarumbeta moja ikachelewa kidogo nayo ikanyamaza. Watu waliangalia viatu vyao.

Waziri Mapambo hakupata uwaziri kwa bahati nasibu. Alinyakua kipaza sauti. "Mmeona wenyewe! Gari limesimama! Limesimama juu ya mteremko mkali! Nani sasa atasema breki zake hazishiki?"

Makofi machache yalianza. Sikudhani alishusha kioo.

"Basi panda, Mheshimiwa," alisema. "Kiti nakuachia."

Yale makofi machache yakafa. Sikudhani akashuka, akaushikilia mlango wazi kwa adabu kabisa, kama anavyomkaribisha mgeni wa shughuli. Waziri aliangalia kiti. Aliangalia mteremko. Umati wote ulikuwa unamwangalia yeye, na ninaapa hapakuwa na hata mmoja aliyetikisa kibendera. 

"Kamateni hawa," alisema.

Wakafungwa pingu papo hapo, kwa kosa la kulichelewesha taifa. Wakaingizwa kwenye gari la polisi lililokuwa nyuma, askari mmoja akaketi nao, mwingine akashika usukani, akawasha. Kituo kiko chini ya mteremko. Gari la polisi nalo lilikuwa Hansori. Sisi tuliokuwa ukingoni tulibaki ukingoni.

Yule askari wa usukani alikuwa mtu wa makamo, mweusi, mwenye pete ya ndoa. Hakuondoa gari. Aliiangalia ile barabara tupu iliyokuwa inamngoja, kisha akageuka nyuma taratibu.

"Kaka," akamwuliza Mbaruku kwa sauti ndogo, "na hili je?"

"Silijui, kaka," Mbaruku akamjibu. "Lilikuja na meli ya ngapi?"

Askari hakujua. Akazima gari, akashuka, akawafungulia mlango. "Tutatembea," alisema, na hakuomba ruhusa ya mtu. Wakashuka Mteremko wa Fahari kwa miguu, askari wawili na wafungwa wawili, katikati ya barabara, na hakuna aliyepiga makofi wala aliyerudi barabarani mpaka walipopotea langoni.

* * *

Sikudhani aliachiwa. Mahakama iliona haiwezi kumfunga mwandishi wa Shukrani ya Taifa, maana imetundikwa ukutani Wizarani kwa fremu ya dhahabu. Mbaruku alifungwa miaka kadhaa, katika gereza la Mbugani, kwa kuuliza swali lenye kuleta hofu. Bwana Chitanda alihamishwa, hatujui wapi. Makasha bado yako ndani ya kioo na yanafutwa vumbi kila Jumatatu.

Hansori za meli ya tatu zinaendelea kushuka mteremko. Nyingine zinafika. Zisizofika, Redio ya Taifa husema zimetangulia. Mimi langu ni zima, nilionyeshwa dole gumba, lakini nimeliegesha uani na nakwenda mjini kwa miguu, na nikikutana na majirani wengine wanaotembea ilhali wana magari mapya hatuulizani.

Kila Ijumaa Sikudhani humpelekea mumewe pilau, anashuka nayo kichwani. Majirani wakimwona humwonea huruma. Juzi Bi Kidawa alimshika mkono akamwambia, pole mwenzangu, mume gerezani, Mungu atakufanyia wepesi. Sikudhani aliliweka sawa sufuria lake kichwani.

"Alhamdulillahi," alimjibu. "Yuko mahali tambarare."